Mahakama Iliyoshuka Ngazi

Jumapili asubuhi kule mtaani Satellite, Nairobi, kabla watu wengine hawajamaliza chai, Mwongeli alikuwa tayari mlangoni. Alikuwa na kitambaa kichwani, Biblia mapajani na glavu mikononi. Glavu zenyewe zilikuwa nene, za vibarua wa mjengo. Alizivaa ili magurudumu ya kiti chake yasimchubue viganja.

Mguu wake wa kushoto ulikatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Alilia hospitalini, akamaliza kulia hukohuko. Aliporudi nyumbani alisema hataki mtu wa kumsukuma. Lakini kila Jumapili mwanawe Mbithi alisahau, au alijifanya kusahau, akakishika kiti kwa nyuma.

"Toa mkono, Mbithi," mama alisema.

Mbithi alicheka akatoa mkono. Mkewe, Kanyiva, ambaye majirani walimwita Mama Yvonne kwa jina la binti yao wa shule ya bweni, alifunga mlango, na wote watatu wakashika njia.

Njia yenyewe ilikuwa uchochoro tu, kati ya ploti mbili, kutoka kwao hadi barabara ya lami. Lakini ilikuwa kavu, ngumu na sawa. Watu wa pale waliipita tangu Mbithi akivaa kaptura ya shule. Mwongeli aliendesha magurudumu yake kwa nguvu, akawaacha wenzake nyuma. Katika kwaya ya kina mama yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Aliwatania wenye miguu miwili, akisema labda wanaitumia kupamba sketi.

Halafu Norman akanunua ploti ya jirani, pamoja na kipande cha ule uchochoro. Alitaka kujenga nyumba za kupangisha. Jumatatu moja watu waliamka wakakuta geti la mabati katikati ya njia, na kufuli juu yake.

Kanyiva alimwendea kwa upole.

"Sasa Norman. Hii geti umeweka, shosho na kiti chake atapita wapi?"

"Mama Yvonne, hii ni ploti yangu," Norman alisema. "Apite huko nyuma. Huko nyuma kuna njia poa kabisa. Hata hiyo kiti yake inapita."

Huko nyuma kulikuwa na mtaro wa maji machafu na mbao mbili juu yake. Kiti hakikupita. Mbithi alimbeba mama mgongoni, Kanyiva akabeba kiti kichwani. Siku ya kwanza Mwongeli alivumilia mpaka kanisani. Siku ya pili, waliporudi, alivua glavu akazitundika kwenye msumari.

"Mimi si gunia la makaa," alisema. "Mniache nyumbani."

Akaacha kwenda kanisani, akaacha kwaya. Alikaa chumbani akiimba sauti ya tatu peke yake, na wimbo wa sauti ya tatu peke yake unasikitisha sana. Kanyiva alimsikia kutoka jikoni akashindwa kukoroga ugali.

Walienda kwa chifu. Chifu aliita kikao, Norman hakuja. Basi wakaamua kwenda kortini. Mwongeli mwenyewe ndiye aliyekuwa mlalamikaji, maana njia ilikuwa yake kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini alimpa mwanawe onyo kali.

"Usiende kuwaambia habari ya mguu. Sitaki kuonewa huruma. Nataka haki."

Mbithi alifanya alivyoambiwa. Pale dirishani, Mahakama ya Kirichwa, alifungua kesi bila kutaja kiti wala mguu. Kumbuka hilo, msomaji wangu, kwa sababu ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Mahakama ya Kirichwa lilikuwa jengo la ghorofa, na vyumba vyote vya kusikizia kesi vilikuwa juu. Lifti ilikuwepo. Ilikuwa imekaa mbovu muda mrefu hadi wafagiaji wakaifanya stoo ya mafagio.

Siku ya kwanza ya kesi, Mbithi na Kanyiva walihangaika na kiti chini ya ngazi. Mbithi alipofika juu akihema, jina la mama yake lilikuwa limeshaitwa. Kesi ilikuwa imeahirishwa.

"Lakini amekuja," Mbithi alimwambia karani. "Yuko chini."

"Chini anafanya nini? Siku nyingine apande mapema," karani alisema, akafungua faili nyingine.

Mbithi alikumbuka onyo la mama akameza maneno.

Siku ya pili alimbeba mgongoni. Walifika katikati ya ngazi, pale pa kupumzikia, wakakutana na Norman akipanda na simu mkononi.

"Shosho! Leo ni mazoezi?" Norman aliuliza akicheka.

Mwongeli alifunga macho. "Nirudishe chini," alimwambia mwanawe.

"Mama, tumebakisha kidogo tu."

"Nimesema unirudishe chini."

Huko juu jina liliitwa mara mbili, na hakuna aliyeitika. Hakimu, mama mmoja mwenye miwani na asiyependa mchezo, alisema jambo moja tu. Mlalamikaji asipofika tena, ataitupilia mbali kesi yake. Norman alitoka akipiga mluzi.

Hapo Mbithi akapata wazo. Mbithi ni fundi hodari wa samani. Vitanda vyake viko kando ya Ngong Road, na watu hutoka mbali kuvinunua. Lakini wazo hili, kusema kweli, lilikuwa bovu. Aliwahi kupeleka kabati kwa mteja huko Karen siku ya Jumapili. Njiani alimwona yule yule hakimu akitoka kanisani. Sasa mjomba wake alikuwa ametuma maembe na ndengu kutoka Makueni. Kwao huendi kwa mkubwa kuomba jambo mikono mitupu. Ni kukosa adabu.

"Tutamwamkia tu," alimwambia Kanyiva. "Tumwelezee, mama kwa mama. Wewe ndiye utaongea."

"Mimi? Wewe ndiye ulisema twende!"

Jumapili iliyofuata walisimama nje ya kanisa kule Karen, wamevaa vizuri, kiondo kimejaa mpaka maembe yakachungulia. Hakimu alitoka akitabasamu. Alidhani ni wageni wa kanisa.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amen, Mheshimiwa," Mbithi alisema. "Tumekuletea kitu kidogo kutoka nyumbani. Ni kuhusu ile kesi ya mama yangu, ya njia..."

Tabasamu likaisha. Hakimu aliinua mkono.

"Simama hapo, baba. Usiongeze neno. Hicho kiondo usikiweke chini, rudi nacho."

"Mheshimiwa, si kitu kibaya, ni ndengu tu."

"Hata ingekuwa ni maji. Kesi inasikizwa kortini, pande zote mbili zikiwepo. Umenitafuta kanisani. Sasa siwezi tena kuisikiza kesi hii. Kesho nitamweleza mkuu wa korti yale umeniambia, na yule mnayeshtakiana naye ataelezwa pia."

Akaingia garini. Kanyiva alibaki ameshika kiondo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mbithi, ambaye ni mtu mkubwa wa kubeba kabati peke yake, alikaa kwenye ukingo wa maua akasema, "Nimeua kesi ya mama."

Waliporudi nyumbani hawakujua waanzie wapi kumweleza Mwongeli. Jirani yao aitwaye Wangu aliwakuta nje, kiondo katikati yao kama maiti. Wangu ni mwalimu wa watoto viziwi. Kortini Kirichwa huitwa kutafsiri lugha ya ishara, na huko amechaguliwa kukaa kwenye Kamati ya Watumiaji wa Mahakama. Watu wengi wa Satellite hawakujua kamati hiyo ipo. Mbithi na Kanyiva pia hawakujua.

Alisikiliza hadithi yote. Waliposimulia habari ya maembe alishika kichwa.

"Baba Yvonne! Mlienda na kiondo?"

"Kwetu hiyo ni heshima," Mbithi alisema.

"Najua ni heshima. Lakini ukiwa na kesi, korti haiiti hiyo heshima. Inaiita hongo. Mshukuru huyo mama amewafukuza. Fikiria Norman angeenda na mbuzi. Ungefurahi?"

Mbithi hakuwa ameifikiria kesi kutoka upande wa mbuzi wa Norman.

"Kwa hivyo tumeshindwa?" Kanyiva aliuliza.

"Bado. Faili itapewa hakimu mwingine. Lakini shosho asipofika, hata huyo mwingine ataitupa. Sasa niambieni, kwa nini hafiki?"

"Si hizo ngazi!" Mbithi alisema.

"Na mlimwambia nani habari ya hizo ngazi?"

Kanyiva alimtazama mumewe, mumewe akatazama ndengu.

Wangu alivuta kigoda akakaa. "Sikieni. Hakimu kazi yake ni kusikiza na kuamua. Si yeye anachagua chumba, si yeye anatengeneza lifti. Kuna hakimu mkuu anayeongoza korti nzima. Huyo ndiye anagawa kesi kwa mahakimu. Chini yake kuna msimamizi wa korti. Huyo ni wa jengo, makarani, vyumba, viti. Ukiwa na shida ya kuingia, unaenda ofisi yake, mchana, mlango wazi, unasema. Ni haki yako, hufanyiwi huruma. Katiba inasema mtu mwenye ulemavu afikie huduma kama wengine."

"Na akikataa kusikia?"

"Ndiyo maana kuna kamati. Hakimu mkuu ndiye mwenyekiti. Polisi wako, mawakili wako, watu wa magereza wako, na sisi raia pia. Hapo hatuongei kesi ya mtu hata kidogo. Tunaongea vile korti inafanya kazi. Tunakutana Alhamisi. Shosho aje aongee mwenyewe."

"Hawezi kukubali," Kanyiva alisema. "Hataki mguu wake utajwe."

"Nani amesema sitaki?"

Wote waligeuka. Mwongeli alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, na alikuwa amesikia kila kitu, kuanzia kiondo.

"Nilikataa kuomba," alisema. "Kama ni kudai, nitakwenda. Na wewe Mbithi, yale maembe ya mjomba ulitaka kuyapeleka Karen bila kuniuliza?"

Alhamisi walifika Kirichwa mapema. Mwongeli alivaa glavu. Wangu alipanda ngazi kuwaambia kamati kwamba mgeni amefika. Kwa nini kupanda? Kwa sababu mkutano wenyewe ulikuwa ghorofa ya juu kabisa. Hata yeye Wangu, aliyeujua ukumbi ule miaka yote, hakuwa amelifikiria hilo. Alikiri baadaye kwamba aliona haya kuliko Mbithi wa maembe.

Hakimu mkuu aliitwa Wahome, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Mgeni wetu yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko chini ya ngazi, Mheshimiwa. Anatumia kiti cha magurudumu."

Mtu mmoja akasema askari wawili waende wambebe. Wahome alitazama mlango, akatazama meza yake ndefu yenye chupa za maji. Kisha akasimama, akachukua kiti chake.

"Asibebwe," alisema. "Tushuke sisi."

Basi ikawa ajabu pale Kirichwa. Mkuu wa polisi alishuka na kiti cha plastiki begani. Kiongozi wa mashtaka alishuka na chake. Mawakili walishuka wakikanyaga majoho yao. Afisa wa magereza alibeba viwili, kimoja cha Wangu. Watu waliokuja kwa kesi zao walisimama ukutani wakidhani kuna moto. Kamati nzima iliketi duara kwenye viti vyake pale chini, mbele ya lifti ya mafagio.

Mwongeli alizoea kusimama mbele ya kanisa zima, siku za kusimama na siku za kukaa.

"Naitwa Mwongeli," alisema. "Nimeitwa hapa mara mbili, na mara mbili nimefika. Mmeandika sikufika. Nilikuwa hapa hapa, mahali mmekaa nyinyi sasa. Kule nyumbani kuna mtu amenifungia njia na mabati. Nikaja kwenu mnifungulie. Nyinyi mmenifungia na ngazi. Sasa niende wapi?"

Mkuu wa polisi aliangalia viatu vyake.

"Kosa letu sisi," Mwongeli akaendelea, "ni kwamba hatukusema. Nilimkataza kijana wangu. Nilifikiri kusema ni kuomba. Leo nimesema."

Wahome aliinamisha kichwa. "Mama, umesema vizuri. Kuhusu kesi yako na huyo jirani, hapa sitasema neno, na wewe usiniambie neno. Ile itasikizwa na hakimu. Lakini kuhusu ngazi, huyo jirani wa ngazi ni mimi. Nisamehe."

Akamgeukia msimamizi wa korti. Chumba kile kilichofungwa hapo chini kina nini, aliuliza. Msimamizi alisema kina meza mbovu na viti vya zamani. Wahome alisema vitoke. Chumba kitakuwa cha kusikizia kesi za watu wasioweza kupanda: wenye ulemavu, wagonjwa, wazee, mama wajawazito. Karani wa dirishani atamwuliza kila anayefungua kesi kama ana shida ya kuingia au kusikia. Hata mtu asipopenda kujibu, ataulizwa. Na faili ya mtu isifungwe kabla jina lake halijaitwa huku chini pia.

Mbithi alikuwa ameguswa sana. Aliruka mbele. "Mheshimiwa, mimi ni fundi. Hicho chumba nitawatengenezea mabenchi. Ya bure kabisa!"

Kanyiva alimvuta shati kwa nguvu. Wahome alitabasamu.

"Asante, fundi. Lakini una kesi hapa. Tutatafuta fundi mwingine."

"Haki ya Mungu, sijifunzi," Mbithi alinong'ona.

Siku ya kesi ilifika. Kile chumba cha chini kilinuka rangi mpya. Norman alipanda mpaka juu kwa mazoea, akaambiwa ni chini, akashuka akinung'unika. Hakimu mpya aliitwa Jeremy, kijana mtulivu wa kuandika polepole. Kwanza alizieleza pande zote mbili habari ya kiondo. Alimkanya Mbithi mbele ya watu, na Mbithi akakubali kosa. Kisha karani akaita.

"Mwongeli!"

"Niko, Mheshimiwa!"

Aliitika kwa sauti ya kwaya. Hata wa ghorofa ya juu walisikia. Kanyiva alilia, akajifanya ni rangi mpya inamchoma macho.

Majirani walieleza vile walivyoitumia ile njia tangu zamani, wazi, bila kujificha na bila kuomba ruhusa. Norman alisema ni ploti yake, na kwamba nyuma kuna njia nyingine nzuri.

"Hata kiti cha magurudumu kinapita, Mheshimiwa. Bila shida."

"Basi nitakuja kuona," Hakimu Jeremy alisema.

Mahakama inaweza kutoka ikaenda kuona mahali penyewe. Ikaja Satellite, hakimu na karani wake, Norman na wakili wake, na nusu ya mtaa nyuma yao. Mwongeli alihamia kwenye kiti cha kawaida uani. Hakimu alionyesha kile kiti cha magurudumu.

"Bwana Norman, umesema kinapita. Kipitishe."

Norman alivua koti. Alisukuma kiti hadi mtaroni kwa madaha. Gurudumu la mbele likaingia kati ya mbao mbili likakwama. Alivuta, halikutoka. Alivuta tena kwa hasira, ubao mmoja ukateleza, na mguu wake ukazama kwenye maji machafu mpaka kwenye goti. Hakuna aliyecheka, maana hakimu alikuwepo. Lakini Kanyiva alishikwa na kikohozi kikali sana.

Hakimu aliandika polepole, kama kawaida yake.

Hukumu ilisomwa kwenye kile chumba cha chini. Hakimu alisema njia iliyotumika wazi hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini haiwezi kufungwa kwa sababu tu ploti imepata mmiliki mpya. Norman aondoe geti, na asiifunge tena. Watu walipiga makofi mpaka karani akawanyamazisha.

Nje, Norman alimsogelea Mwongeli. Hakuwa na mluzi siku hiyo.

"Shosho, ile maneno ya mazoezi... unisamehe."

"Nimekusamehe," Mwongeli alisema. "Geti utoe leo."

Alitoa siku hiyo hiyo, kwa mikono yake.

"Sasa kesi imeisha," Mwongeli alisema jioni, "tuwapelekee wale watu wa korti ndengu, kushukuru."

"Hapana!" Mbithi na Kanyiva walisema pamoja, kwa sauti kubwa hadi kuku wakakimbia. Ndengu zililiwa hapo nyumbani, na Wangu alirudia sahani.

Jumapili ikafika. Mwongeli alikuwa mlangoni kabla ya chai, kitambaa kichwani, Biblia mapajani, glavu mikononi. Njia ilikuwa wazi mpaka kwenye lami. Mahali pa lile geti palibaki mashimo mawili tu, yamezibwa kwa simiti. Mbithi alisimama nyuma ya kiti. Akasahau, au akajifanya kusahau.

"Toa mkono, Mbithi."

Mbithi alitoa mkono. Mama yake aliendesha magurudumu kwa nguvu, akawaacha nyuma.